Ngoma Ilivyoingia Kanisani

Wengi wetu katika chama hiki tumekulia kwenye Misa ya ngoma, kayamba, kinanda, vigelegele na kwaya ya sauti nne yenye sare yake. Mwenzetu Mwingereza akituuliza Misa ya nyumbani ikoje, hiyo ndiyo tunayomsimulia, na mara nyingi tunamalizia kwa kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Mkristo aliyeingia kanisani Bagamoyo, Tabora au Peramiho mwaka 1930 hakutegemea kusikia ngoma ndani ya Misa. Alitegemea Kilatini, kengele ya altareni, na nyimbo ambazo tuni zake zilikuja kwa meli kutoka Ulaya. Misa tunayoiita ya asili ina umri wa miaka sitini hivi. Wapo babu na bibi zetu walio hai ambao ni wakubwa kuliko hiyo.

Tumeamua kuiandika historia hii kwa sababu ya ubishi unaozuka kati yetu mara kwa mara. Baadhi ya wenzetu, baada ya kufika huku, wameipenda Misa ya zamani ya Kilatini, ambayo imewavuta vijana wengi Uingereza na Marekani. Wengine wanawacheka na kusema Kilatini ni mabaki ya ukoloni, na kwamba Mwafrika halisi husali kwa ngoma. Kila upande unataja mapokeo, na kila upande unaamini mapokeo ni yale unayoyapenda wenyewe.

Hatutaki kumwambia mtu aende kanisa gani Jumapili. Chamani mwetu wamo Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Waislamu na wasio na dini, na makala haya ni ya wote. Tunataka tu kuonyesha jambo moja ambalo pande zote mbili zinalisahau: ngoma haikuingia kanisani kwa sababu watu walikitupa Kilatini. Iliingizwa na watu waliokijua Kilatini na sheria ya Kanisa vizuri sana, wakaitumia sheria ileile kuufungua mlango. Tena maneno ya Kiswahili na midundo ya Kiafrika havikuingia siku moja. Kila kimoja kilikuja kwa njia yake.

Misa kabla ya ngoma

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza kazi Zanzibar katika miaka ya 1860, wakavuka hadi Bagamoyo mwaka 1868 na kufungua kituo ambacho wakazi wake wengi wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1878 walifuata Mapadre Weupe, wakapita Bagamoyo kuelekea bara, hadi nchi za Maziwa Makuu. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walitoka Ujerumani, na mwaka 1898 wakaanzisha Peramiho, kule Songea.

Mashirika haya yalitofautiana kwa lugha na desturi, lakini Misa yao ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya Kilatini. Kiswahili kilikuwa na nafasi yake: katekisimu, mahubiri, sala za asubuhi na jioni, Njia ya Msalaba. Wamisionari walikichunguza Kiswahili kwa bidii kubwa. Padre Charles Sacleux, aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, ndiye aliyetunga ile kamusi ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka mwaka 1939, ambayo wanafunzi wa isimu bado wanaifungua hadi leo. Kiswahili, basi, hakikudharauliwa. Kilisimama tu upande huu wa altare, na Kilatini upande ule.

Kwa wasomaji wasio Wakatoliki, tueleze kidogo. Misa ina sehemu tano ambazo maneno yake hayabadiliki sana na ambazo huimbwa: Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu na Mwanakondoo. Katika Misa ya kuimbwa ya wakati ule, zote tano ziliimbwa kama zilivyo katika Misa ya Kilatini, kwa tuni za Kigregoriani, yaani nyimbo za zamani za Kanisa zenye sauti moja tu, zisizo na mdundo wa kuhesabika. Katika Misa isiyoimbwa, waamini waliweza kuimba tenzi kwa lugha yao wakati padre akisoma maneno yake polepole. Tenzi hizo nyingi zilikuwa za Ulaya: tuni ya Kijerumani au ya Kifaransa, maneno yamegeuzwa kuwa Kiswahili au lugha nyingine ya mahali.

Hapo palikuwa na tatizo ambalo kila anayesoma Kiswahili darasani atalielewa. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo ukihama, neno linayumba, na mara nyingine linabadilika kabisa: barabara ya kupita magari si barabara ya kusema jambo limefanywa sawasawa, ingawa herufi ni zilezile. Sasa chukua tuni iliyotungwa kwa maneno ya Kijerumani, ambayo huweka uzito mahali pengine, kisha ubandike juu yake maneno ya Kiswahili. Mwimbaji atalazimika kukokota silabi isiyostahili kukokotwa. Katika lugha kama Kiganda au Kiluba mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sauti ndiko kunakotofautisha maana. Tuni ya kigeni inaweza kuligeuza neno la sala likawa kitu kingine.

Sheria ya mwaka 1903

Kwa nini basi wamisionari hawakuchukua tu nyimbo za wenyeji? Sababu mojawapo ilikuwa sheria. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X alitoa hati juu ya muziki mtakatifu. Hati hiyo iliuweka wimbo wa Kigregoriani kuwa kipimo cha muziki wote wa kanisani. Ilikataza kuimba lugha ya kienyeji katika ibada za fahari. Ilikataza piano kanisani, pamoja na vyombo vya kelele kama ngoma na matoazi. Ilisema pia kwamba wanakwaya wanatimiza kazi ya kiliturujia, na kwa hiyo wanawake hawawezi kuwa sehemu ya kwaya. Sauti za juu ziimbwe na wavulana.

Tukisoma hati hii leo tukiwa na picha ya kwaya zetu kichwani, ambako safu mbili za mbele ni akina mama na dada, na mpiga ngoma amekaa pembeni, tunaweza kudhani iliandikwa dhidi yetu. Haikuandikwa dhidi yetu. Papa alikuwa akiitazama Italia. Makanisa ya huko yalikuwa yamejaa muziki wa opera. Watu walikwenda Misani kama waendao tamthilia, kumsikiliza mwimbaji maarufu. Ngoma iliyokuwa akilini mwa waandishi wa hati ile ilikuwa ya bendi na ya okestra. Lakini sheria ya Kanisa husafiri mbali kuliko sababu yake. Amri iliyolengwa kwenye majukwaa ya Italia ikatua Songea na Bukoba, ikakuta ngoma nyingine kabisa.

Na ngoma hiyo nyingine ilikuwa na mambo yake. Katika Kiswahili, ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli nzima: kuna ngoma ya unyago, ngoma ya jando, ngoma ya arusi, ngoma ya pepo. Mmisionari aliposikia ngoma usiku hakusikia muziki tu. Alisikia mafundisho na imani zilizoshindana na katekisimu yake. Wakristo wapya nao hawakuwa wote na maoni mamoja. Wapo walioiacha ngoma kwa hiari yao, kwa sababu kwao ilikuwa alama ya maisha waliyoyaaga.

Ubishi wa namna hii si wa Wakatoliki peke yao. Wenzetu wa Lamu wanaijua habari ya Habib Swaleh na msikiti wa Riyadha, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Maulidi aliyoyaeneza yalisomwa kwa matari, na walikuwapo wakubwa wa mji walioona si adabu kupiga ngoma msikitini. Leo Maulidi ya Lamu ndiyo fahari ya mji ule. Ngoma imesimama mlangoni pa nyumba nyingi za sala katika pwani na bara yetu, na kila mahali swali limekuwa hilohilo: je, kitu kilichotumika kwa mambo mengine kinaweza kutumika kwa Mungu?

Watu watatu wa miaka ya 1950 na 1960

Mambo yalianza kulegea kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na hili ndilo tunalotaka likumbukwe. Mwaka 1955 Papa Pius XII alitoa waraka juu ya muziki mtakatifu. Aliyasisitiza ya mwaka 1903, lakini akaruhusu kwaya yenye wanawake pale ambapo wavulana hawatoshi, mradi wakae nje ya patakatifu na wanaume watengwe na wanawake. Akawahimiza pia wamisionari wakuze nyimbo za dini za watu wanaowahubiria, kwa kuwa watu hao wanapenda sana kuimba. Mlango ulifunguka kidogo tu, lakini walikuwapo watu waliokuwa wakiusubiri.

Wa kwanza ni Joseph Kyagambiddwa wa Uganda, mtunzi Mkatoliki aliyezaliwa mwaka 1923. Mwaka 1955 alichapisha kitabu juu ya muziki wa nchi yake. Yeye hakuchukua tuni ya Ulaya na kuipaka rangi. Alianzia kwenye muziki wa Kiganda na kanuni zake, akatunga juu ya Mashahidi wa Uganda, wale vijana waliouawa kwa imani yao katika zama za Kabaka Mwanga. Papa Paulo VI alipowatangaza Mashahidi wale 22 Wakatoliki kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, utunzi huo wa Kyagambiddwa uliimbwa Roma. Muziki wa Buganda ukasikika katika mji ambako sheria ya 1903 ilitoka.

Wa pili ni Guido Haazen, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyekuwa Kamina katika Katanga, nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya mjini na sokoni hadi leo. Haazen alianzisha kwaya ya wavulana na walimu wao, nao wakaunda pamoja Misa iliyokuja kujulikana kama Missa Luba. Iliimbwa kwa mara ya kwanza katika ibada huko Kamina mwezi Machi 1958, na mwaka uleule kwaya ikasafiri Ulaya. Namna ilivyotengenezwa ni ya kutazamwa kwa makini. Haikuanza na karatasi ya nota. Waimbaji walichukua namna za kuimba walizozijua, kama kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba, wakaimba juu yake maneno ya Misa, wakibuni papo hapo mpaka sehemu ikatulia.

Na maneno yenyewe? Yalikuwa Kilatini.  Katika Missa Luba, muziki ni wa Kiafrika na lugha ni ya Roma. Wale wanaosema Kilatini na ngoma ni maadui wa asili waisikilize Misa hiyo. Waimbaji wa Kamina hawakuambiwa kwamba lazima wachague.

Wa tatu ni Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika, ambaye kwa maoni yetu hajapewa heshima anayostahili miongoni mwa wasomi wa Kiswahili. Mbunga alikuwa mtunzi, na Misa Baba Yetu ni kazi yake. Lakini alikuwa pia msomi wa sheria na muziki. Mwaka 1963 kilichapishwa Uswisi kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Ndani yake anazipitia hati za Kanisa juu ya muziki mtakatifu, kisha anauweka muziki wa Kibantu mbele ya hati hizo na kuuliza unasimama wapi.

Tuone maana ya hatua hiyo. Mbunga angeweza kusema kwamba hati zile ni za Wazungu na hazituhusu. Angepigiwa makofi, kwa kuwa ulikuwa wakati wa uhuru. Badala yake alikaa chini na kuzisoma kwa lugha yao, mstari kwa mstari. Huwezi kufanya kazi hiyo bila Kilatini. Huwezi kuifanya pia bila kuujua muziki wa nyumbani kwenu kwa ndani: mwimbishaji na waitikiaji, midundo inayopishana, wimbo unaofuata sauti ya lugha. Alivijua vyote viwili, ndiyo maana hoja yake ilikuwa na uzito.

Mtaguso na baada yake

Tarehe 4 Desemba 1963, maaskofu waliokusanyika Vatikano walipitisha hati juu ya liturujia kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Miongoni mwao alikuwamo Laurean Rugambwa wa Bukoba, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kufanywa kardinali.

Hati hii hunukuliwa na pande zote mbili za ubishi wetu, na kila upande husoma kipande chake. Ukiisoma yote utaona inasema mambo kadhaa kwa pamoja. Inasema wimbo wa Kigregoriani ni wa liturujia ya Kirumi kwa namna ya pekee, na mambo mengine yakiwa sawa upewe nafasi ya kwanza. Inasema kinanda cha filimbi kiheshimiwe sana. Halafu inasema kwamba katika nchi nyingine, hasa za misioni, watu wana muziki wao wenye nafasi kubwa katika dini na maisha yao, na muziki huo upewe heshima na mahali panapofaa ndani ya ibada. Na wamisionari wafundishwe ili waweze kuukuza. Vyombo vingine viruhusiwe kwa kibali cha wakubwa wa Kanisa wa mahali, ikiwa vinafaa kwa matumizi matakatifu. Juu ya yote inasema waamini wote washiriki, wasikae kama watazamaji.

Kwa hiyo anayesema Mtaguso uliifuta Kigregoriani amekosea, na anayesema ngoma ni uvunjaji wa sheria amekosea vilevile.

Mabadiliko yakaja kwa haraka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 Misa ilianza kusikika kwa Kiswahili, na mwaka 1969 Papa Paulo VI akatoa utaratibu mpya wa Misa kwa Kanisa zima la Kirumi. Kwa Tanzania, majira hayo yaliangukia palepale nchi ilipokuwa ikijitafuta. Uhuru ulikuwa umepatikana Desemba 1961. Mwaka mmoja baadaye Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kusali kila siku, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba wasomi walijua kucheza dansi za Ulaya na hawakujua ngoma za kwao. Mwaka 1963 tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka. Taifa lilikuwa likijithibitishia kwamba Kiswahili kinaweza kubeba lolote. Misa ya Kiswahili ilikuwa sehemu ya uthibitisho huo.

Lakini hapa ndipo maneno na midundo vilipoachana. Kugeuza maneno ya Misa kuwa Kiswahili ni kazi ya kamati, na kamati ikimaliza, padre anafungua kitabu na kusoma. Kupata tuni ni kazi ya kizazi. Parokia zilipata Kiswahili upesi, lakini kwa miaka mingi ziliendelea kukiimba kwa tuni zilizozoeleka. Katanga walikuwa wamepata muziki wao kabla ya lugha. Tanzania ilipata lugha kabla ya muziki.

Kwaya ya sauti nne

Kilichojaza pengo hilo ni kwaya. Kwaya tuijuayo leo si ngoma ya kijijini, na si Kigregoriani. Ina sauti nne, soprano, alto, teno na besi, kwa mpango wa Ulaya. Huandikwa kwa nota za herufi, d r m f s l t, mtindo uliokuzwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover na John Curwen ili watu wa kawaida waweze kuimba bila kusoma mistari mitano. Mtindo huo ulienea na misioni na shule, na leo huenda unapendwa zaidi kwetu kuliko huku ulikozaliwa. Juu ya mifupa hiyo ya Ulaya watunzi wetu wakaweka nyama: mwimbishaji na waitikiaji, mdundo unaoita mwili, na zaidi ya yote mkazo sahihi wa Kiswahili, kwa sababu wimbo haukutungwa tena kwa lugha nyingine kwanza.

Padre John Mgandu na G. F. Kayeta ni majina ambayo kila mwalimu wa kwaya Katoliki Tanzania anayajua, na nyimbo zao zimevuka mpaka hadi Kenya na Kongo. Wanawake walioambiwa mwaka 1903 kwamba hawawezi kuwa wanakwaya sasa ndio wengi, na sehemu nyingi ndio waimbishaji. Ngoma, kayamba na manyanga vikafuata, mahali pengine kwa haraka, mahali pengine baada ya wazee wa parokia kunung'unika kwanza.

Kongo walikwenda mbali zaidi. Chini ya Kardinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa na maaskofu wenzake, walitengeneza utaratibu mzima wa Misa, uliokubaliwa na Roma mwaka 1988. Ndani yake mababu wema huitwa mwanzoni pamoja na watakatifu, toba huja baada ya mahubiri na Nasadiki, na wakati wa Utukufu wahudumu hucheza kuizunguka altare. Desemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa utaratibu huo katika Basilika la Mtakatifu Petro pamoja na Wakongo waishio Roma. Hata huo bado ni Misa ya Kirumi. Walioutengeneza hawakujenga nyumba mpya. Walizipanga upya samani kwa ujuzi.

Kwaya nayo imeleta shida yake. Mtaguso ulitaka watu wote waimbe. Kwaya ikiwa hodari mno, watu hunyamaza na kusikiliza. Video zikitoka, wimbo hupimwa kwa sare na mwendo wa kucheza kuliko kwa maneno. Hilo ndilo lilelile alilolilalamikia Papa Pius X kwa Waitaliano: Misa kugeuka onyesho. Tunaweza kukataa dawa aliyotoa na bado tukakubali kwamba ugonjwa aliuona.

Linalotuhusu huku

Tulio huku tunakutana na Misa ya Kiswahili pengine mara moja kwa mwezi, katika kanisa la kuazima, kwa kwaya ya watu wanane waliotoka nchi tatu. Mmoja amezoea Utukufu wa Mwanza, mwingine wa Nairobi, mwingine wa Bukavu. Nyimbo tunazichukua kwenye YouTube na kuzikariri kwa sikio. Si vibaya kujifunza kwa sikio. Kamina walifanya hivyo. Lakini wao waliufahamu muziki uliowazaa. Sisi mara nyingi tunanakili rekodi tu, pamoja na makosa ya rekodi, na jina la mtunzi tunaliacha njiani. Watoto waliozaliwa huku wanasikia sauti nzuri na hawajui wanachoitikia.

Hapo ndipo ubishi wa Kilatini na ngoma unapotupotezea wakati. Kinachotishia Misa ya Kiswahili ughaibuni si Kilatini. Ni kutojua. Anayependa Kigregoriani ajue kwamba mamia ya mababu zetu waliiimba, na baadhi ya wazee wa parokia zetu bado wanayo vichwani. Si mali ya Wazungu pekee. Anayependa ngoma ajue kwamba iliingia kwa jasho la wasomi, na kwamba kuipiga ovyo ni kuwaaibisha. Mbunga hakusema "huu ni utamaduni wetu" halafu akaishia hapo. Alionyesha kwa nini unafaa, kwa nini pale, na kwa kipimo gani.

Tunapendekeza mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, wanakwaya wajifunze nota za herufi. Mwezi mmoja unatosha kuanza, na nakala nyingi za nyimbo zetu zinapatikana bure kwenye tovuti ya Swahili Music Notes. Pili, kila karatasi ya wimbo tunayogawa iwe na jina la mtunzi. Tatu, tuchague Utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo za aina moja tu, rahisi, tuziimbe mwaka mzima hadi mtoto wa miaka saba azijue bila karatasi. Nne, tunapopiga simu nyumbani tuwaulize bibi na babu waliimba nini kanisani walipokuwa watoto, tuwarekodi wakiimba, na tuandike mahali na mwaka. Wengi wao waliiona Misa ya Kilatini, wakaiona ya Kiswahili ikiingia, wakaisikia ngoma ya kwanza ikipigwa ndani ya kanisa lao. Hakuna maktaba ya huku yenye kumbukumbu hiyo, na wenye nayo wanapungua kila mwaka.

Wasomaji wasio Wakristo nao wanakaribishwa katika kazi hii ya nne. Mwenye bibi aliyesikia kaswida za zamani za Tanga au Maulidi ya Lamu ana hazina ya namna ileile, na chama chetu kina kinasa sauti kimoja kinachotosha wote.